Managu ya Chandarua

Jambo hili nilikuwa nimeapa kwenda nalo kaburini, lakini kwa kuwa Mama Mutua ameshalitangaza kanisani, sokoni, na hata kwa yule kinyozi wa Mutindwa, ni heri mlisikie kutoka kwa mdomo wangu mwenyewe, maana yeye anatia chumvi, na mkasa wenyewe una chumvi yake ya kutosha. Kwa kifupi ni kwamba mimi, mama mzima, mke wa mtu, ninayenyenyekewa na akina mama wa kanisa, nilionekana na nusu ya Buruburu nikiwa nimepiga magoti nyuma ya nyumba yangu, nimevaa kitenge changu cha kwendea harusi, nachota mavi ya kuku kwa kijiko cha chai na kuyatia kwenye kopo, tena taratibu, kwa adabu, huku mbele ya nyumba watu wamekaa kwenye viti vya plastiki wakimlilia mume wangu. Msicheke bado.

Yote yalianza na daktari. Aliniambia presha imepanda, akaniuliza huwa nafanya mazoezi gani, nami nikamjibu kwamba nasimamia nyumba, akacheka (daktari mdogo hivi, ningeweza kumzaa) akasema kusimamia nyumba ukiwa umekaa kwenye kochi si mazoezi, mama, tafuta kitu cha kukutoa nje. Nikamweleza rafiki yangu Mama Mutua. Huyu ni Mkamba, tumeishi naye korti moja, yaani nyumba zetu zinatazamana uwanja mmoja, tangu watoto wetu wakiwa wa kubebwa mgongoni, mumewe anachonga vinyago na yeye anachonga maneno. Akaniambia yeye kila Ijumaa huenda kujitolea kwenye bustani ya mimea ya umma, ile yenye miti iliyopigwa vibao vya majina, unapalilia kidogo, unamwagilia kidogo, unapewa aproni ya kijani na chai ya saa nne, na hakuna mtu wa kukusumbua. Nikaona dawa yangu ndiyo hii.

Sasa mjue kitu kimoja kuhusu mimi. Nina kiherehere. Sikifichi. Nikialikwa kwa mtu, kabla sijakaa nimeshampangia viatu vyake pale mlangoni, na nikienda kumwona mgonjwa namkunjia shuka akiwa bado amelala ndani yake. Kwa hiyo kule bustanini nilifurahi mno, kwa sababu mahali pale kazi haiishi, na kila nikimaliza kazi yangu naingilia ya mwenzangu. Aliyekuwa akisimamia upande wetu, upande wa mboga za kienyeji, ni bwana mmoja anayeitwa Ouma, mtu mpole, mwembamba, mwenye kofia ya majani, anayeongea polepole kana kwamba maneno yanauzwa. Huyo Bwana Ouma alinisifu. Aliniambia mbele ya watu, "Mama Brayo, mikono yako inajua udongo." Basi! Kichwa kikavimba, kofia ikakataa kuingia.

Ikafika hiyo Ijumaa. Kesho yake, Jumamosi, bustani ilikuwa na siku ya wageni, wanakuja akina mama wa vikundi vya ukulima wa mjini kutoka Kariobangi, Dandora na kwingine, na mgeni wa heshima, mama mmoja mkubwa wa ofisi ya serikali ambaye jina lake nitalistahi. Tukaambiwa sisi wa kujitolea kila mmoja aje na chakula cha kienyeji. Bwana Ouma alikuwa anakimbia huku na huku na hata hakunywa chai. Akanijia akasema, "Mama Brayo, lile tuta la mwisho, lenye chandarua, ng'oa magugu ya pembeni tu, tafadhali. Hilo ndilo tutakalowaonyesha wageni kesho, na hapo ndani kuna..." Kabla hajamaliza akaitwa getini, hema zimefika na dereva anataka kuondoka nazo. Akaenda mbio. Mimi naye hatukuonana tena siku hiyo, na mimi hilo "ndani kuna" sikulijali hata kidogo.

Nikang'oa magugu ya pembeni. Kazi ya kufumba na kufumbua. Nikabaki nimesimama na mikono yangu miwili haina la kufanya, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo sana, wa kuinua chandarua nichungulie.

Jamani, managu! Na si haya managu yetu ya kununua sokoni Mutindwa, membamba yamenyongwa na kamba, bali managu yenye majani mapana kama kiganja changu, meusi kwa afya. Lakini yamezeeka! Yana maua, yana vishada vya matunda, mengine yameiva meusi kabisa yanataka kupasuka, na hakuna mkono uliopita pale hata siku moja. Nikahisi aibu kwa niaba ya bustani nzima. Kwetu Magharibi managu (sisi tunayaita lisutsa, wengine mnavu) hayaachwi yakafika hapo. Unachuma ncha, yanachipua, unachuma tena, na maua unayatoa, maana yakishatia matunda jani linakuwa chungu na mmea unajua umemaliza kazi yake. Mama mkwe wangu akipita kwenye boma la mtu akaona managu yana maua, alikuwa anasimama kuuliza kama mwenye nyumba ni mgonjwa. Sasa kesho waje akina mama wa Kariobangi, wanawake wanaojua mboga, waone hii? Watasema hapa hakuna mwanamke.

"Umeambiwa magugu," Mama Mutua akaniambia. Alikuwa amesimama nyuma yangu na mwiko wa kuchimbia udongo.

"Mboga ikizeeka ni gugu pia."

"Na chandarua je? Mtu anafunika kitu chandarua bila sababu?"

"Sababu gani? Managu yanashikwa na malaria?"

Tukacheka mpaka tukashikana mabega. (Nataka mkumbuke alicheka, kwa sababu anapoisimulia yeye husema alinikataza kwa machozi.)

Nikaanza kuchuma. Nilisema nitatoa ncha tu, lakini mikono ya mwanamke aliyelelewa shambani ikishaanza kuchuma managu haikuulizi, inaenda yenyewe, tak tak tak, majani ndani ya aproni, maua na matunda ndani ya mfuko wa karatasi, na ukitoa upande mmoja lazima ulinganishe na upande wa pili, na ukilinganisha unaona umepunguza sana huku, unarudi kule. Niliposimama kunyoosha mgongo, tuta lilikuwa limebaki na vijiti. Vijiti vitupu, kama kuku aliyenyonyolewa akasahaulika. Nikajituliza kwamba managu yanachipua haraka (ndiyo, lakini si kwa usiku mmoja!), nikashusha chandarua, nikakichomeka vizuri pembeni kama mtu anayemlaza mtoto, nikaenda zangu.

Nyumbani matunda nikawamwagia kuku wangu. Ninao kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba, jirani yangu Mama Njeri wa mlango wa pili amewalalamikia kila mahali isipokuwa kwa Rais. Walipigania yale matunda kama watoto wa shule na peremende, hawakubakisha hata moja. Majani nikayachemsha, nikamwaga maji, nikayatia maziwa, nikayalaza kwenye sufuria mpaka asubuhi, nikayapasha tena na malai. Harufu iliyotoka humo ilimtoa Baba Brayo chumbani akiwa bado na sabuni masikioni. Baba Brayo, mume wangu, alikuwa karani wa reli mpaka alipostaafu, na daktari amemkataza nyama kabisa. Siku hiyo aliniambia anaenda kwenye mkutano wa wanaume wa kanisa. Nikamwachia managu kidogo, mengine nikafunga kwenye hotipoti kubwa, nikavaa kitenge changu.

Mgeni wa heshima alichelewa, kama wageni wa heshima wote. Watu wakaanza kuona njaa, ikaamuliwa tule kwanza, na sherehe ifuate. Nikafungua hotipoti. Sitaki kujisifu lakini foleni ilihama kutoka kwenye pilau ya watu ikaja kwangu. Mgeni wa heshima alipofika alipelekwa moja kwa moja mezani, akala, akarudi tena na sahani, akaniuliza kama naweza kumwekea kidogo kwenye kopo ampelekee mumewe. Kisha akaja Bwana Ouma. Alichota kijiko kimoja, akasimama pale pale, akafumba macho.

"Mama Brayo," akasema, "kwetu managu ni osuga, na hii ni osuga ya mamangu. Sijala hii ladha tangu tumzike. Umeitoa soko gani?"

Mngekuwa nyinyi mngesemaje? Ningesema ukweli pale, saa ile, na kijiko kikiwa mdomoni mwake, labda tungecheka. Lakini nilikuwa nimeshasifiwa na mama mkubwa wa ofisi, nilikuwa juu juu, nikatikisa mabega nikamwambia, "Bwana Ouma, mimi nina watu wangu." Na Mama Mutua, rafiki yangu wa miaka yote hiyo, akageuka akaangalia mti.

Tukaitwa kwenye tuta la mwisho. Wageni wakalizunguka, mgeni wa heshima mbele na kijiti cha meno mdomoni, na Bwana Ouma akashika kipaza sauti, akavua kofia. Nilidhani atazungumza kuhusu mbolea. Hapana. Alisema mama yake alipofariki walikuta kwenye sanduku lake leso iliyofungwa fundo, na ndani ya fundo kuna mbegu za managu, aina ya majani mapana ambayo yeye mwenyewe aliila akiwa mtoto na ambayo kijijini kwao hakuna anayeipanda tena, wote wamehamia zile za duka. Akazipanda hapa bustanini. Nyingi zilikuwa zimekufa, zikaota chache, ndizo hizi. Akasema hajachuma hata jani moja, ingawa alikuwa akipita hapa jioni anameza mate, kwa sababu alitaka zifike kutoa mbegu. Ameziwekea chandarua ndege wasile matunda. Na leo matunda yameiva, tutayakamua pamoja hapa hapa, kila kikundi kitaenda na mbegu, ili hata yeye akifa leo, mboga ya mama yake isife.

Mimi jasho jembamba lilinitoka mpaka kwenye visigino. Nilianza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, nikiwaomba watu radhi, nikakutana na mkono wa Mama Mutua mgongoni. "Unaenda wapi?" akanong'ona. "Choo," nikasema. "Utashikilia," akasema.

Bwana Ouma akavuta chandarua.

Jamani, niliwahi kusikia kimya kanisani, niliwahi kusikia kimya mahakamani, lakini kimya cha watu wazima wanaotazama vijiti sijawahi. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi kidogo, akadhani ndivyo mambo yalivyo, akaacha. Bwana Ouma alishika kijiti kimoja akakigeuza, akashika kingine, kama anatafuta mahali majani yalipoingilia. Halafu akasema kwa sauti ndogo sana, na kipaza sauti bado kiko mdomoni kwa hiyo bustani nzima ikasikia, "Imeibiwa."

Kelele zikaanza. Wezi wa siku hizi hawana utu! Wanaiba hata mboga! Mgeni wa heshima akauliza nani alikuwa analinda, akaletwa askari wa zamu, kijana anaitwa Kilonzo, ameoa juzi tu. "Bosi, haki ya Mungu sikulala," akawa anasema, "nilizunguka kila saa, chandarua kilikuwa kimechomekwa vizuri kabisa." Mgeni wa heshima akasema aandike maelezo na kazi akabidhi leo leo, na Kilonzo akaanza kuvua kofia ya kazi, na hapo nikajua kwamba nikinyamaza sasa nitakuwa mchawi.

"Si yeye," nikasema. Hakuna aliyenisikia. "SI YEYE! Ni mimi!"

Wakageuka wote.

"Wewe nini, Mama Brayo?" Bwana Ouma akauliza.

"Ni mimi nilichuma. Niliona yamezeeka. Nilitaka mboga ionekane nzuri." Halafu kwa kuwa kiherehere hakiniachi hata nikiwa nazama, nikaongeza kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameniuliza. "Na nyinyi nyote ndiyo mmekula."

Mgeni wa heshima akatoa kijiti cha meno mdomoni, akakitazama. Kopo la mumewe lilikuwa chini ya kwapa lake.

Bwana Ouma hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alikaa chini, kwenye udongo, na suruali yake ya sherehe, akaniuliza, "Na matunda, Mama? Matunda pia mlipika?" Nikamwambia hapana, matunda nilikuwa nimewapa kuku, na niliposema hivyo nikaanza kulia, kulia kwa kwikwi, kwa sababu niliiona ile leso yenye fundo kana kwamba ni ya mamangu mwenyewe, na mimi ndiye niliyeifungua nikaimwagia kuku.

Akainua kichwa. "Kuku wa aina gani?"

"Wa kienyeji."

"Uliwapa lini?"

"Jana jioni."

"Mmeshafagia banda?"

"Bado," nikasema, na kwa mara ya kwanza maishani nikamshukuru Mungu kwa uvivu.

Akaruka juu. Kule kwao, akasema, ni ndege wanaopanda managu, wanakula tunda wanaenda kuangusha mbegu mbali, mbegu yenyewe ni ndogo na ngumu, firigisi itasaga nyingi lakini si zote. "Twende! Kabla hazijakauka, kabla hawajazikanyaga!" Na mgeni wa heshima, ambaye nilitegemea atakasirika aende zake, akasema na yeye anakuja, amekula mboga ya marehemu na haondoki mpaka aone mwisho wake. Basi likaondoka gari lake jeusi mbele, pikapu ya bustani nyuma imejaa akina mama na vitambaa vyao vya kichwa na Kilonzo amening'inia mlangoni, na mimi nimewekwa kiti cha mbele cha lile gari jeusi nionyeshe njia, nalia kwenye leso, Mama Mutua ameninyooshea mkono kutoka nyuma ananipapasa bega.

Sasa hebu fikirieni mko Buruburu, Jumamosi mchana, mnaanua nguo. Linaingia kortini gari jeusi la serikali, nyuma yake pikapu ya watu wamevaa vizuri na hakuna anayecheka. Mlango unafunguliwa, anatoka Mama Brayo anashikiliwa huku na huku, macho yamevimba. Na mumewe hayupo. Mngefikiria nini?

Ndivyo alivyofikiria Mama Njeri. Sisi tuliingia moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba bila kusalimia mtu, na Mama Njeri (yule yule adui wa kuku wangu) akatupa nguo chini, akashika kichwa, akapiga nduru iliyosikika mpaka fezi nyingine ya mtaa. "Woi! Baba Brayo ametuacha!" Watu wa mitaa yetu kwa msiba hawaulizi mara mbili. Kabla sijapata hata kopo la kuchotea, vijana wa korti walikuwa wameshashusha viti vya plastiki kutoka kanisani, kuna mtu ameleta sukari, kuna mtu ameweka sufuria ya chai kwenye jiko langu, na mzee mmoja wa kamati alikuwa anauliza kama marehemu alikuwa na bima ya mazishi. Mimi nasikia kelele lakini nadhani ni watu wa kunishangaa, na wakati huo Bwana Ouma amenipa amri: chukua yale mabichi, yale yenye rangi ya zambarau, usichanganye na majani. Nikapiga magoti na kitenge changu. Kijiko cha chai, kopo la majani ya chai. Kilonzo anawazuia kuku wasikanyage. Mgeni wa heshima ameinua sketi yake kidogo ananionyesha kwa kidole, "Pale, mama, pale pembeni umeruka moja." Kijana mmoja wa korti akachungulia ukutani, akaniona, akavua kofia, akasema kwa huruma, "Mathe, pole sana. Lakini hiyo kazi si ungetuachia sisi?" Nadhani alifikiri huzuni imenipanda kichwani.

Ndipo Baba Brayo alipoingia.

Alikuwa ametoka Burma. Si mkutano wa wanaume wa kanisa, Burma, sokoni kwenye nyama, na mkononi ana fungu la mbavu za kuchoma limefungwa kwenye gazeti linalovuja mafuta. Akaona viti. Akaona sufuria. Akaona wanawake wanalia. Na wale wanawake walipomwona yeye, marehemu, amesimama na mbavu, wakakauka, hakuna aliyeweza kufungua kinywa kumweleza lolote. Yeye akajumlisha mwenyewe. Mume hajafa, basi aliyekufa ni mke. Fungu likamwanguka.

"Mama Brayo!" Nilimsikia kutoka nyuma, na sijawahi kusikia sauti ile kwake, hata tulipooana. "Mama Brayo wangu, umeniacha na nani! Na nilikuwa nimekudanganya! Kila Jumamosi nakudanganya! Nakula nyama, Mama Brayo! Nakula nyama, na yale managu yako nampa mbwa wa askari wa geti!"

Nikatoka. Nilitoka mbio nikiwa na kijiko mkononi, kimejaa, na kitenge kimechafuka magotini, nikasimama mlangoni mbele ya viti vyote vile, na nikasema neno la kwanza lililonijia. "Unampa nani managu yangu?"

Sitawaeleza kilichofuata kwa urefu. Watu wengine walikimbia, Mama Njeri alizirai (au alijifanya, kwa sababu alianguka kwenye kiti chenye mto), mgeni wa heshima alicheka mpaka akaegemea gari la serikali akishika mbavu zake mwenyewe, na chai ililetwa hata hivyo, maana ilikuwa imeshaiva na sukari imeshatiwa. Baba Brayo alinishika mkono wangu wote, pamoja na kijiko, hakuuachia. Akalia mbele ya watu. Nikamsamehe nyama. Managu sijamsamehe mpaka leo.

Bwana Ouma hakunywa chai. Alikuwa jikoni kwangu, anamimina maji kwenye kopo, anachuja kwa chujio langu la chai (alilihitaji, nikampa, sikulitaka tena), anainua kwenye mwanga, anatafuta. Nilimwendea nikamuuliza kama kuna kitu. Akasema hajui, huenda ziko, huenda zimekufa, atayamwaga masalia yote kwenye kitalu asubiri. Nikamwomba msamaha, si ule wa mbele ya watu, wa kweli, na akaniambia, "Mama Brayo, angalau nilizila tena mara moja," nikaona afadhali angenipiga.

Wiki zilizofuata sikwenda bustanini. Nilikuwa nikiamka usiku nazifikiria mbegu za mama wa mtu. Vile vijiti vilijaribu kuchipua vikashindwa, nilikuwa nimevichuma vibaya mno, vikakauka. Kuku wangu niliwachukia, kisha nikawaomba radhi, maana wao walipewa wakala. Hata kanisani wakati wa maombi ya kimya, wenzangu wakiwaombea wagonjwa, mimi nilikuwa naombea mavi, na kama ni dhambi nitajua mbele.

Simu ikanipata sokoni, nimeshika kabichi. "Mama Brayo," Bwana Ouma akasema, halafu nikasikia anapenga kamasi. "Zimetoka." Akaniambia zimetoka nyanya nyingi, mchicha, pilipili hoho, na kila takataka ambayo kuku wangu waliwahi kuokota, na katikati ya hayo yote vimche vya managu, majani yake yameanza kupanuka, yeye anayajua, hawezi kuyakosea. Nililia hapo hapo mpaka mwenye kabichi akaniambia, mama, kama bei ni kubwa sema tu.

Zilikua, zikatia maua, zikatia matunda, na hakuna aliyezigusa. Akina mama wa Kariobangi wakarudi, mbegu zikakamuliwa na mikono yao wenyewe, Kilonzo akigawa, na mimi nilikuwepo, nimesimama mbali, mikono nimeifunga nyuma ya mgongo na Mama Mutua amenishika vifundo vya mikono kwa uhakika zaidi. Mmoja wao aliniuliza kama ni mimi yule mama wa kuku. Nikasema ndiyo. Ningesemaje?

Kwa hiyo nimeapa, na hiki kiapo nakitimiza. Siku hizi nikipita kwa mtu nikaona mboga yake imekomaa inaniita kwa jina, mikono inaniwasha mpaka nairudisha mfukoni, na kabla sijagusa hata jani nauliza kwanza: hii ni ya kuliwa au ni ya kuangaliwa? Watu wananicheka, waache wanicheke, mimi naomba ruhusa. Ila anayenikera ni Baba Brayo, mkorofi yule, ambaye kila jioni nikimpakulia chakula hunawa mikono polepole, anavuta kiti, anaitazama sahani, ananitazama mimi, na kuniuliza swali hilo hilo.